Mwenye Somo ni Nani? Kikaurna na Shule za Msingi za Adelaide

Desemba 1839, miaka mitatu tu baada ya Waingereza kutangaza koloni la Australia Kusini, shule ndogo ilifunguliwa Piltawodli, kando ya Mto Torrens, mahali ambapo leo watu wa Adelaide hucheza gofu. Wanafunzi walikuwa watoto wa Wakaurna, wenyewe wa nyanda za Adelaide. Walimu walikuwa Wajerumani wawili, Christian Teichelmann na Clamor Schürmann, wamisionari wa Kilutheri waliotumwa na jumuiya ya misheni ya Dresden na kufika mwaka mmoja kabla, katika merikebu moja na gavana mpya, George Gawler. Ajabu ya shule hii, kwa koloni la Kiingereza, ni kwamba masomo yalitolewa kwa Kikaurna. Watoto walijifunza kusoma na kuandika kwa lugha waliyoisikia nyumbani. Wajerumani wenyewe walikuwa wamefunzwa lugha hiyo na wazee, miongoni mwao Mullawirraburka, Kadlitpinna na Ityamaiitpinna, na mwaka 1840 wakachapisha kitabu chenye sarufi, maneno kama 2,000 na sentensi za mazungumzo ya kila siku. Ilikuwa kazi ya haraka mno, na haikukosa kasoro, lakini kizazi hicho cha wamisionari wa Kijerumani kilikuwa na desturi ya kuanza na lugha kabla ya kuhubiri: Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliingia katika Kiswahili kwa mlango huohuo.

Shule ya Piltawodli ilidumu chini ya miaka sita. Gavana George Grey, aliyechukua nafasi ya Gawler mwaka 1841, aliamini kwamba mtoto wa Kiaborijini hatastaarabika mpaka atenganishwe na wazee wake na kufundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1845 shule ilifungwa, watoto wakahamishiwa shule ya serikali ya Kiingereza katikati ya mji, na makazi ya Piltawodli yakabomolewa. Hakuna mzee wa Kikaurna aliyeulizwa. Wala, tukiwa wakweli, hakuna mzee aliyeulizwa siku ilipofunguliwa. Wajerumani walikitumia Kikaurna kwa heshima kuliko Mwingereza yeyote wa wakati wao, lakini walikitumia ili kuleta Amri Kumi, na mambo ambayo wazee waliyaona kuwa ndiyo elimu yenyewe, yaani sheria za nchi, nyimbo, unyago na jando, wamisionari waliyahesabu kuwa giza la kuondolewa. Lugha ilikuwa ya Wakaurna. Somo halikuwa lao. Ndiyo maana kalamu ya gavana mmoja ilitosha kulifuta.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu mjadala wa kufundisha lugha na utamaduni wa Waaborijini katika shule za msingi huendeshwa mara nyingi kama hesabu ya wasemaji. Lugha yenye wasemaji wengi, watu husema, ifundishwe. Yenye wachache isaidiwe. Isiyo na msemaji iwekwe makumbusho. Historia ya Australia haikubaliani na hesabu hiyo. Lugha zilizokuwa zikizungumzwa na kila mtoto kijijini zimefukuzwa darasani kwa tangazo la waziri, na lugha isiyokuwa na hata msemaji mmoja wa kuzaliwa imeingia darasani na kubaki humo zaidi ya miaka 30. Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni nani anayeshika hatamu za somo: nani anasema lifundishwe nini, na nani, kwa ajili ya nani.

Baada ya 1845 Wakaurna walitawanywa. Ndui ilikuwa imewapunguza hata kabla ya meli za walowezi kufika, na walowezi walipozidi ardhi ikaisha. Wengine waliishia Poonindie, misheni iliyoanzishwa 1850 mbali upande wa pili wa ghuba. Wengine Point Pearce, wengine Raukkan, wakichanganyika na Wanarungga na Wangarrindjeri, huku Kiingereza kikiwa ndicho kilichowaunganisha. Januari 1848 mwanamke kijana aitwaye Kudnarto aliolewa na mlowezi Tom Adams, ndoa ya kwanza ya kisheria katika koloni hilo kati ya Mwaborijini na mlowezi; uzao wake utarudi katika simulizi hii. Mzee wa kike Ivaritji, anayetajwa mara nyingi kuwa wa mwisho kukijua Kikaurna tangu utotoni, alifariki mwaka 1929. Karne ya 20 ikaleta sheria zilizoruhusu watoto kuchukuliwa kutoka kwa mama zao na kupelekwa kwenye taasisi ambako lugha ya nyumbani ilikuwa kosa la kuadhibiwa. Kati ya lugha zaidi ya 250 zilizokuwapo Waingereza walipofika barani humo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2005 ulikuta takriban 145 zikisikika bado kwa kiasi fulani, na zisizofika 20 zikirithiwa na watoto wote wa jamii.

Kuna jambo moja katika kipindi hiki cha kimya ambalo mwandishi wa tamthilia angeogopa kulibuni. Teichelmann hakuacha kukusanya maneno baada ya shule kufungwa. Mwaka 1857 alikamilisha muswada wa kamusi uliopita kwa mbali kitabu cha 1840, na mtu aliyempelekea ni George Grey, gavana yuleyule, ambaye wakati huo alikuwa akitawala Koloni la Rasi huko Afrika Kusini na kukusanya maandishi ya lugha za dunia. Muswada ukahifadhiwa katika maktaba ya Cape Town. Aliyelifunga darasa la Kikaurna akawa ndiye mlinzi wa hazina yake, tena barani Afrika. Hiyo si huruma. Ni tabia ya dola kupenda lugha ikiwa kabatini.

Sasa tuhame kutoka kusini twende Eneo la Kaskazini, maana huko ndiko nadharia ya wingi wa wasemaji ilikopata nafasi nzuri kuliko popote. Desemba 1972 serikali mpya ya Gough Whitlam ilitangaza kwamba watoto wa Kiaborijini wataanza shule kwa lugha zao, na mwaka 1973 mpango wa elimu ya lugha mbili ukaanza. Katika vijiji vya kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land watoto walizungumza lugha za Wayolngu, na Kiingereza walikisikia kwa mwalimu, muuguzi na muuza duka. Vituo vya kuchapisha vitabu vilifunguliwa shuleni, na kutoka humo vikatoka vitabu vidogo vya kusomea, hadithi za kuwinda kobe wa baharini, majina ya mimea, habari za koo. Kijiji cha Yirrkala hasa kilikuwa na ari ya pekee. Watu wake ndio waliopeleka bungeni mwaka 1963 maombi yaliyobandikwa kwenye magome ya mti yaliyochorwa, kwa lugha yao na kwa Kiingereza, kupinga uchimbaji wa boksiti katika ardhi yao, na hawakuwa watu wa kungoja kufundishwa maana ya hati. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 walimu wa Kiyolngu walisomea ualimu bila kuhama kijijini, kwa ushirikiano wa chuo cha Batchelor na Chuo Kikuu cha Deakin. Mandawuy Yunupingu, aliyehitimu shahada mwaka 1988, akawa mkuu wa shule ya Yirrkala mwaka 1990. Dunia inamkumbuka kwa bendi yake, Yothu Yindi. Wenzake wanamkumbuka pia kwa kupanga mtaala wa pande mbili, ambamo hesabu ilifundishwa sambamba na mfumo wa undugu unaoamua nani ni nani kwa nani, na wazee wakakaa mezani mtaala ukiandikwa.

Hata hivyo, mpango mzima ulikuwa wa serikali. Desemba 1998 serikali ya Eneo la Kaskazini ikatangaza kuuondoa hatua kwa hatua. Vijiji vikapinga, tume ikachunguza, mpango ukabaki kwa jina jipya. Kisha Oktoba 2008, muda mfupi baada ya mitihani ya kwanza ya kitaifa kuonyesha alama za chini vijijini, Waziri Marion Scrymgour akaagiza saa nne za kwanza za kila siku ya shule ziwe za Kiingereza. Mtoto wa miaka sita akishamaliza saa nne, yaliyobaki ni chakula cha mchana na joto. Shule zenye mpango wa lugha mbili wakati huo zilikuwa kama tisa tu. Shule nyingine nyingi za vijijini, zilizokuwa zikifundisha kwa Kiingereza miaka yote, zilipata alama mbaya vilevile, na hakuna aliyependekeza Kiingereza kiondolewe humo kwa kosa hilo.

Hapa lipo pingamizi ambalo hoja yangu lazima ilikabili uso kwa uso. Scrymgour si mgeni. Yeye mwenyewe ni Mwaborijini, mwanamke wa kwanza wa jamii hiyo kuwa waziri katika serikali yoyote ya Australia. Kama tatizo ni wageni kushika hatamu, agizo lake linaelezwaje? Linaelezwa kwa kutofautisha asili ya mtu na kiti anachokalia. Waziri, awe nani, anajibu kwa bunge na kwa majedwali ya mitihani. Mzee wa Yirrkala anajibu kwa ukoo wake na kwa mtoto atakayekutana naye kila siku mpaka afe. Agizo lilitoka kwenye kiti cha kwanza, likaamua mambo ya kiti cha pili. Na pale ambapo kiti cha pili kilikuwa na miguu imara, agizo halikupita kirahisi: Yirrkala, wenye walimu wao waliosomea kazi na vitabu vyao wenyewe, hawakuiacha lugha yao. Penye mpango lakini bila walimu wa jamii waliohitimu, tangazo lilitosha.

Tukirudi Adelaide, tunakuta hali iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1986 shule ya Kaurna Plains ilifunguliwa Elizabeth, kitongoji cha wafanyakazi kaskazini mwa jiji, kwa ajili ya watoto wa Kiaborijini wa mjini. Mkuu wake, Alice Rigney, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwaborijini kuwa mkuu wa shule nchini. Watoto walitoka katika jamii kadhaa, na wote walizungumza Kiingereza. Kama lengo lingekuwa lugha ya Kiaborijini yoyote ile, rahisi ingekuwa kuchukua Kipitjantjatjara, chenye wasemaji wa kuzaliwa kaskazini-magharibi mwa jimbo na vitabu tayari. Wazazi na wazee walitaka lugha ya ardhi waliyosimama juu yake. Mwaka 1990 warsha ya kutunga nyimbo ilitoa kitabu cha nyimbo kwa Kinarungga, Kikaurna na Kingarrindjeri, nyimbo nyepesi za watoto, na mwaka 1992 Kikaurna kikaanza kufundishwa Kaurna Plains kama somo. Mwanaisimu Rob Amery alisaidia, na kazi yake kubwa ilikuwa kurudi kwa Teichelmann na Schürmann: kitabu cha 1840 na ule muswada wa Cape Town. Sentensi ambazo wazee waliwapa Wajerumani katika miaka ile ya mwanzo ya koloni zikarudi vinywani mwa watoto wa darasa la kwanza.

Pingamizi kubwa la wasomi, na la walalamishi wa mtaani pia, ni kwamba hiki si Kikaurna cha kweli. Ni Kikaurna kilichoshonwa kutoka katika vitabu. Ni kweli kwamba matamshi ilibidi yakisiwe kwa kulinganisha maandishi ya Kijerumani na lugha jirani, na kwamba maneno mengi ya maisha ya leo yalikosekana. Lakini tutazame jinsi pengo moja lilivyozibwa, maana hapo ndipo ubora wa kazi unapoonekana. Vyanzo vya zamani viliacha majina machache tu ya hesabu, hayatoshi hata somo la kujumlisha. Ila Wakaurna walikuwa na desturi ya kumwita mtoto kwa mpangilio wa kuzaliwa: wa kwanza wa kiume na wa kwanza wa kike, wa pili, wa tatu, hadi wa tisa, kila mmoja na jina lake. Jina Kudnarto, la yule bibi harusi wa 1848, ni jina la mtoto wa tatu akiwa wa kike. Kutoka katika mashina ya majina hayo zikaundwa tarakimu kuanzia tano hadi tisa, zikiwamo marru, wangu, ngarla na pauwa. Mtoto anayehesabu vijiti darasani anapita juu ya mfumo wa familia za mababu zake. Lugha hai zote hufanya hivyo. Kiswahili kilipohitaji majina ya mambo mapya baada ya uhuru, kamati zilikaa na maneno yaliyokuwapo yakapewa kazi mpya, wala hakuna anayedai leo kwamba bunge si neno halali. Swali halali ni moja: nani ana haki ya kuunda? Kama neno limeundwa na mwanaisimu ofisini kwake, ni kisio la kitaaluma. Likipitishwa na kikao cha wazee, ni Kikaurna.

Kikao hicho kikapata umbo rasmi mwaka 2002, ilipoanzishwa Kaurna Warra Pintyanthi, kamati ya Wakaurna na wanaisimu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Adelaide. Lewis O'Brien, mzee aliye wa uzao wa Kudnarto, na Alice Rigney, ambaye kufikia hapo alifahamika zaidi kwa jina la Alitya, walikuwa nguzo zake. Shule ikitaka jina la darasa, jiji likitaka jina la bustani, ombi linapita hapo. Halmashauri ya Adelaide imezipa mbuga zake na uwanja mkuu wa jiji, Victoria Square, majina ya Kikaurna pembeni ya yale ya Kiingereza. Kwa mwalimu wa darasa la tatu hili si pambo. Mwanafunzi aliyejifunza Tarntanyangga, jina la uwanja huo, darasani analiona neno hilohilo kwenye kibao akishuka kwenye tramu, na anaelewa kwamba somo lake halikubuniwa na mwalimu kwa ajili ya kujaza kipindi cha Ijumaa.

Wapo wanaosema kwamba udhibiti wa wenyewe unachelewesha mambo, na kwamba mwalimu mwenye moyo angefanya zaidi kama asingelazimika kusubiri kikao. Kweli unachelewesha. Kamati hukutana kwa ratiba, wazee huugua, wakati mwingine hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe, na shule hubaki bila jibu muhula mzima. Lakini mbadala wake umeshajaribiwa mara nyingi: wiki ya utamaduni, boomerang za karatasi, ngoma ya kuazima kutoka jamii iliyo mbali kilomita 2,000, na mtoto wa Kiaborijini ameketi nyuma akitazama mambo yasiyomhusu yakiitwa yake. Kasi ya namna hiyo haina faida.

Lipo pia swali la watoto wasio Waaborijini. Kama somo lina wenyewe, je, wengine wakae nje? Mji wa Parkes, New South Wales, ulitoa jibu la kuvutia. Huko Kiwiradjuri kimefundishwa kwa watoto wote wa shule za mji, weupe kwa weusi, baada ya mzee Stan Grant na mwanaisimu John Rudder kutumia miaka mingi kuandaa kamusi na vitabu. Wazee waliruhusu, tena kwa hiari, kwa hoja kwamba lugha ya nchi hiyo inawafaa wote wanaoishi juu yake. Jamii nyingine zimesema watoto wetu kwanza, wengine baadaye. Majibu yote mawili ni sahihi, kwa kuwa yametoka kwa wenye haki ya kuyatoa, na sheria ya lugha za Waaborijini iliyopitishwa na bunge la New South Wales mwaka 2017 imejengwa juu ya kukubali kwamba lugha hizo zina wenyewe.

Linabaki pingamizi la mkate: Kiingereza ndicho kinachotoa kazi, na kila saa ya Kikaurna ni saa iliyotolewa kwenye kusoma na hesabu. Kwa Arnhem Land jibu liko wazi zaidi kuliko wanasiasa wanavyokiri, kwani mtoto asiyeelewa mwalimu anasema nini hajifunzi kusoma kwa lugha yoyote. Adelaide jibu ni gumu zaidi. Watoto wa Kaurna Plains wanakijua Kiingereza tangu kuzaliwa, na vipindi vichache kwa wiki havitawafanya waote ndoto kwa Kikaurna. Anayeahidi hivyo anawadanganya. Kinachofanyika ni kidogo kuliko hicho, na bado kina uzito: watoto wa familia ambazo shule ilikuwa kwao mahali pa kunyang'anywa lugha wanaikuta humo ikitolewa na watu wao, na baadhi yao hurudi wakiwa watu wazima kuifundisha. Jack Buckskin, aliyejifunza Kikaurna akiwa kijana na kuwa mmoja wa walimu wake wanaojulikana zaidi, alifuatwa na kamera za filamu iliyotoka mwaka 2013. Miaka hiyohiyo kozi ya cheti ya lugha za Kiaborijini zilizo hatarini ilianza kutumiwa kuandaa wengine kama yeye.

Walimu hao ndio mahali ambapo udhibiti wa Wakaurna unaishia, angalau kwa sasa. Shule nyingi zinazotaka Kikaurna ni za umma. Mshahara unatoka kwa serikali, nafasi ya kazi inaidhinishwa na idara, na mwalimu wa lugha mara nyingi huajiriwa kwa saa, akizunguka kutoka shule moja hadi nyingine. Kamati inaweza kupitisha neno, haiwezi kupitisha bajeti. Maombi ya shule yamezidi idadi ya watu wenye uwezo wa kufundisha, na kila mwalimu anayehamia kazi nyingine yenye malipo ya uhakika anaacha madarasa kadhaa bila somo. Gavana wa leo hahitaji kubomoa jengo lolote; akitaka Kikaurna kipungue shuleni, inatosha asiongeze nafasi za walimu.